Mpini wa Mfenesi

Kwetu Jadida nasifika kwa majina. Mtu akitaka kujua babu wa babu yake akiitwa nani, huja kwangu kabla ya kwenda kwa sheha. Kwa hivyo mjukuu wangu aliponiomba niandike habari ya gitaa, alinishurutisha kitu kimoja, nisimtaje mtu. Nimekubali. Majina yote ninayo, hata la mbuzi wa fundi aliyechonga ule mpini, lakini hapa yatakaa ndani.

Gitaa lilikuwa la shemegi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Gitaa la umeme, la kuchomeka waya. Alilinunua Tanga ujanani mwake, likiwa zima, na likamvunjikia kwenye boti wakati wa kurudi. Lilikatika karibu na kichwa, pale panapozungushwa nyuzi. Ule mti mrefu unaoshikwa wakati wa kupiga, wanamuziki huuita shingo. Mie naita mpini, kwa sababu namjua aliyeutengeneza wa pili. Alikuwa fundi wa mipini ya majembe na mashoka.

Fundi yule alikuwa na ada yake. Hachongi mpini mpaka kwanza amshike mkono atakayeutumia. Ukienda kumnunulia mumeo jembe anakurejesha, nenda kamlete mwenyewe. Nilirejeshwa, najua. Basi alimshika shemegi kiganja, akakifumba, akakifumbua, akakipima na chake, ndipo akachukua gogo la mfenesi. Shemegi siku hizo akipakia magunia ya karafuu bandarini, na kiganja chake kilikuwa sahani. Mpini ukatoka mnene kama mchi. Fundi akang'oa vile vyuma vyembamba vya kugandamizia nyuzi kwenye mpini uliovunjika, akavipanga kwenye mpya, na nyuma akapaka vanishi ileile ya vitanda, tabaka juu ya tabaka. Ulikuwa ukiutazama unajiona.

Shemegi alilipiga gitaa hilo kwenye kikundi chetu cha taarab hapa Wete mpaka vidole vikamvimba vikawa havikunjiki. Akalitundika msumarini. Baadaye akalitundua akampa mjukuu wangu huyuhuyu, binti ambaye alimfundisha mwenyewe tangu yuko skuli. Hakusema nimekupa. Alisema, kaa nalo.

Kikundi kilikuwa kinajitayarisha kupiga Idi. Mpiga kinanda, mtu mpole asiye na ubaya wowote, akasema gitaa la nini, sauti ya gitaa imo humu ndani ya kinanda, unabonyeza tu. Akabonyeza. Ilikuwemo. Kiongozi wa kikundi, mwanamke asiyependa maneno mengi, akakata shauri. Binti apige siku ya Idi. Akiweza, kiti cha gitaa ni chake. Asipoweza kiti kitolewe, jukwaa lenyewe dogo.

Mjukuu wangu alirudi nyumbani akanieleza hayo huku anamenya muhogo, na aliumenya mwingi kuliko tuliohitaji.

Tabu haikuwa kujua. Nyimbo zote alikuwa nazo. Tabu ilikuwa mkono. Ana kiganja changu, kidogo, ingawa vidole vyake vimesuka ukili tangu utotoni na havichoki upesi. Kuna pahala kwenye nyimbo zetu kidole cha shahada kinatakiwa kilale juu ya nyuzi zote, kama mtu aliyejinyoosha kitandani, na vitatu vilivyobaki vifanye kazi mbele yake. Ili kilale hivyo, lazima kidole gumba kisimame nyuma ya mpini kukipa nguvu. Kwa unene ule, gumba likikaa pake shahada haifiki. Shahada ikifika, gumba limeshapotea na kifundo cha mkono kimepinda. Nilimwambia ni sawa na kusonga ugali kwa mchi wa kutwangia. Nguvu unayo, lakini yote inaishia kwenye kushika.

Tena mfenesi ni mzito, na kile kiwiliwili cha gitaa, kile cha Tanga, ni mti mwepesi. Akilivaa na kusimama, kichwa kinamshuka. Mkono wa kushoto ukawa unapiga na unabeba. Nilimtengenezea mkanda mpana wa ukili, nikaushonea kitambaa kikavu ndani usiteleze begani, ukasaidia kidogo. Vanishi nayo ilikuwa inashika jasho. Gumba linatakiwa liteleze juu na chini, badala yake linanata, analibandua kama mtu anayetoa mguu kwenye tope la mikoko.

Nikaenda kwa shemegi. Kwake ni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikamwambia mpini ule upunguzwe.

"Mpini haukatwi," akasema. "Mkono hukua."

"Mkono wa mtu mzima haukui, shemegi. Wako umevimba tu."

"Weye ulipoolewa kwetu hata kukuna nazi ulikuwa huwezi. Mbuzi ikikushinda."

"Ilikuwa pana. Na kaka yako akaniletea nyengine nyembamba. Hakuniambia nikuze makalio."

Kwa kawaida hapo hucheka. Siku ile hakucheka. Aliitazama mikono yake iliyokaa mapajani, akasema fundi alimshika kiganja, na mpini ule ndio kiganja chenyewe kama kilivyokuwa. Ukipunguzwa hakitabaki popote. Nikamuuliza kama amekula.

Mjukuu akaendelea hivyohivyo. Kila alasiri, akitaka kuanza mazoezi, namkanda kifundo na kiganja kwa mafuta ya makonyo, yale yanayochemshwa kutoka vikonyo vya karafuu. Kwetu ndiyo dawa ya jino, ya goti na ya mgongo, na asiyeyatumia ana lake. Maumivu yakapungua, akapiga zaidi. Siku moja akaniambia, bibi, mpini unanata kuliko jana. Nikamwambia joto. Siku ya pili yake akanionyesha nyuma ya mpini alama za gumba lake, zimezama ndani ya vanishi kama vidole kwenye unga uliokandwa.

Nikaona ni uchafu. Nikachukua kitambaa nikakichovya kwenye mafuta yaleyale ya makonyo, maana hakuna kinachosafisha kama yale, nikausugua mpini wote kwa nia njema, nikauacha barazani ukauke.

Haukukauka. Vanishi ikajikunja kama utandu wa uji. Nilipojaribu kuifuta kwa kanga, manyoya ya kanga yakabaki mpinini, na mpini ukabaki kwenye kanga. Sasa kila mtu hapa Pemba anajua mafuta ya makonyo hayawekwi kwenye chupa ya plastiki. Yanaila. Mie mwenyewe yangu nayaweka kwenye chupa ya kioo na nawaonya watu. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu gitaa.

Idi ilikuwa imekaribia, mwezi tushaanza kuuulizia. Mjukuu aliutazama mpini, hakulia. Alikaa chini akawa anachambua nyuzinyuzi za kanga mojamoja. Afadhali angenipigia kelele. Nikajifunga kanga nyengine, nikenda kumwita shemegi.

Akaja na bakora yake. Akaukagua mpini muda mrefu. Akaunusa.

"Umempikia nani pilau?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, tangu kifundo cha mkono mpaka kitambaa. Akamgeukia mjukuu akamuuliza kama mkono umepona. Mjukuu akasema umepona kidogo, babu. Akasema alhamdulillahi, basi mafuta yamefanya kazi yake, na ya ziada.

Hapakuwa na njia ila kuikwangua ile vanishi yote. Fundi keshafariki, na shemegi mwenyewe hawezi kushika kipande cha chupa kwa vidole vile. Mie naweza. Miiko yangu yote ya jikoni naikwangua mwenyewe ikiota manyoya. Tukatoa nyuzi, shemegi akaelekeza skurubu nne zinazoushika mpini na mwili, mjukuu akazifungua. Nikaubana mpini baina ya magoti, nikavunja chupa ya soda iliyokuwa na ufa, nikaanza.

Vanishi ikatoka yote, chini yake mfenesi wa manjano, mbichi kana kwamba umechongwa juzi. Nikausugua kwa msasa kidogo, nikampa mjukuu ajaribu kuushika. Akaushika, akalipitisha gumba kutoka kichwani mpaka chini. Lilikwenda bila kukwama. Uso wake ukabadilika. Kisha akajaribu kukilaza kile kidole cha shahada. Hakikufika. Akasema si kitu, babu, sasa ni bora sana kuliko jana. Akamnyooshea mpini.

Hapo kazi ya lazima ilikuwa imekwisha. Vanishi imetoka, mpini wa shemegi uko palepale kwa unene wake. Angeweza kusema fungeni skurubu. Mie kipande cha chupa bado kilikuwa mkononi, nikakitazama nikakiweka chini, maana jawabu lake nilikuwa nimeshapewa.

Shemegi akaupokea mpini. Akajaribu kuufumbata kwa mkono wake wa kushoto. Vidole vikafika nusu vikasimama. Akakaa hivyo. Kuku wakapita, jirani akapita akatoa salamu, tukamjibu. Kisha akamwambia mjukuu, lete kiganja. Akakichukua kwa mikono yake miwili, akakifumba, akakifumbua, akakipima na chake, kama alivyofanyiwa yeye.

Akanipa mpini.

"Kwangua," akasema. "Mpaka umkae."

Nikakwangua. Kila baada ya muda mjukuu anajaribu, shemegi anatazama gumba liko wapi, ananambia hapa toa, hapa basi, karibu na kichwa uache mwembamba, ukishuka kwenye mwili uongezeke kidogo, usiwe mviringo kama fimbo, mgongo uwe bapa kiasi. Alijua sana mambo ya mpini mtu ambaye alikuwa akisema mkono hukua. Aliposema basi ya mwisho, kidole cha shahada kililala juu ya vyuma kikatulia, na gumba liko nyuma yake kama mlinzi.

Nikataka kuupaka mafuta ya nazi usipasuke. Wakanitazama wote wawili. Nikayarudisha jikoni.

Tulipofunga tena na kutia nyuzi, mjukuu akasimama akaliachia gitaa. Kichwa hakikushuka. Mti uliotoka ulikuwa mwingi kuliko tulivyodhani, na pale barazani ulijaa chini ya miguu yangu mavumbi na maganda ya manjano. Shemegi akaomba mfuko wa plastiki. Nikamuuliza wa nini, nitafagia. Akasema maganda yatafaa kuwashia jiko. Akayaokota mwenyewe, polepole, kwa vidole vile, na hakutaka asaidiwe.

Siku ya Idi alipiga. Mie sijui kueleza muziki, nitasema nilichokiona. Pale pahala pa kulaza kidole palipita na uso wake haukubadilika, na mwaka mzima nilikuwa nimezoea kuuona ukikunjika. Wanawake walisimama kumtunza pesa, na ukumbi ulinuka karafuu mpaka safu za nyuma. Mpiga kinanda aliinama akamuuliza aliye karibu naye nani kang'olewa jino. Lakini hakukibonyeza kile kitufe chake, na nyimbo ilipokwisha alikivuta kinanda kando kumwachia nafasi ya mguu. Kiongozi hakutoa hotuba. Alimwambia mjukuu wangu mazoezi ni Jumanne, asichelewe.

Baada ya watu kutawanyika, mjukuu alimpelekea shemegi gitaa pale alipokaa alipige kidogo, japo bila waya. Akalipokea, akaushika mpini, ukamponyoka. Akajaribu tena. Akamrudishia, akasema sasa si saizi yake. Akasema kama anavyosema mtu habari ya viatu.

Sasa nyumbani kwangu kuna sharti. Mtu haligusi gitaa mpaka anawe mikono kwa sabuni, na mie naambiwa ninawe mara mbili. Shemegi nilimpelekea chupa ya mafuta ya makonyo kwa vidole vyake, ya kioo. Alikuwa nje. Nikaingia kuiweka mezani, nikaona ule msumari uliokuwa ukitundikwa gitaa. Umetundikwa mfuko wa plastiki, umefungwa fundo, maganda ya manjano yote yamo.

Jiko la shemegi ni la gesi.