Chuma cha Moto na Spika za Baluku

Ipo siku moja iliyonikaa mwilini, mwanangu. Nikiikumbuka nywele za mikono zinasimama, hata hizi chache zilizobaki. Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi, kama unijuavyo, ni mtu wa nyumbani. Kutoka Kasese kwenda Bwera kwangu ilikuwa safari ya ng'ambo, nikaaga watu wote kana kwamba sirudi. Nusura iwe kweli.

Aliyeniita ni binamu yangu Baluku wa huko Bwera. Alikuwa amenunua gari la michezo la mzungu mmoja wa migodini aliyerudi kwao: jekundu, milango miwili, fupi kiasi kwamba ukipanda unahisi umekaa barabarani. Jumamosi ile angemchukua nalo mchumba wake Masika kule Maliba, na alitaka lifike likiimba. Lakini spika za nyuma zilikuwa zimepasuka, zinakoroma kama mzee mwenye mafua. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, akamletea mpya.

"Hii spika iko nguvu, ndugu yangu," alimwambia. "Ukifungula muziki, batu ba Maliba bote batatoka mu nyumba."

Tatizo, mpya zilikuwa kubwa kuliko matundu ya zamani katika ubao wa nyuma ya viti. Sasa kwetu, ukitaka kutoboa ubao, iwe mpini wa jembe au kigoda, unachoma chuma motoni mpaka kiwe chekundu, kisha unakisukuma. Baba zetu walifanya hivyo, na babu zao. Baluku akatia nondo mbili katika moto wa jikoni kwa mama yake, shangazi yangu Biira.

Mimi nilijikunja nyuma ya viti kama mbuzi wa mahari, nimeshika nyaya. Harufu ya petroli ilitujaa puani, wala hatukushtuka. Baluku alikuwa amejaza gari kwa jerikeni asubuhi ile, nasi tukaona hiyo ndiyo harufu ya utajiri. Nondo ya kwanza ikagusa ubao, moshi ukanijaa machoni.

"Unalia?" Baluku akanitania.

"Ni moshi."

"Mtu wa Kasese! Hata moshi inakushinda. Ndiyo sababu wasichana wanakukimbia."

Hapo shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani ametia vyuma kwa moto yangu? Bundu, ugali ya wageni, nipikie wapi, juu ya vichwa vyenu?" Kisha akanusa. Nikaona pua yake inacheza.

"Baluku. Nyuma ya hiyo mbao kuna nini?"

"Ni gari tu, Mama."

"Sikuuliza kama ni gari. Nimeuliza nyuma kuna nini."

Baluku akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuna aliyejua.

"Peleka hicho chuma mbali. Na wewe, mtoto wa kaka yangu, toka humo."

Alisimama pale pale mpaka tukafungua skrubu na kuutoa ubao. Ee Mungu wangu! Nyuma yake lilisimama tangi la petroli, limejaa hadi shingoni, mpira wa shingo umechanika, petroli inateremka kimya kimya mpaka chini. Na pale nondo ilipokuwa imechoma, ubao ulibaki mwembamba kama ganda la kitunguu.

Baluku akakaa chini vumbini na shati lake jeupe. Mimi nilitaka kumcheka, nikajikuta nimekaa kando yake. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Sisi nusura tuende hata mtoto hatuna!

Shangazi hakupiga kelele. Alitoa nondo ya pili jikoni akaimwagia maji. Ilipolia, sote wawili tuliruka.

"Masika anangoja bwana arusi," akasema. "Mlitaka nimpelekee nini? Majivu kwa kikapu?"

Baluku akalia, na safari hii hapakuwa na moshi. Sikumtania.

Mpira tuliubadilisha. Ubao tukaubeba mpaka mbali na gari, tukayapanua matundu kwa kisu, polepole, siku nzima. Spika ziliimba Maliba, watu wakatoka majumbani kweli, na Masika akapata mume mzima.

Basi sikia, mwanangu. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Desturi ya chuma cha moto si mbaya; mpini wa jembe hauna kitu nyuma yake. Gari linacho. Mtu pia anacho. Kabla hujamchoma mwenzako kwa neno, kabla hujaoa, kabla hujatia mkono katika shughuli uliyoiona jana tu, uliza: nyuma kuna nini? Ukikosa jibu, ondoa ubao kwanza utazame. Kuuliza si ujinga, na penye wazee haliharibiki neno, hata kama mzee mwenyewe alitoka kukugombeza kwa sababu ya moto wake.

Mungu akupe pua isiyodanganywa na furaha, na mtu wa kukushika mkono kabla hujasukuma. Uzae, ulee, uzeeke.