Mkungu Uliobaki Uani

Mtanisamehe mwandiko wangu unaopanda na kushuka, na herufi nilizozidondosha njiani. Sikusoma zaidi ya shule ya primari, nami huandika polepole, nikilitazama kila neno mara mbili kabla ya kulikubali. Lakini habari ya nyumba yetu naijua vizuri, maana niliipanga mimi.

Nyumba yetu ya kwanza hapa Kariakoo ilikuwa ndogo, ya miti na udongo, na mvua za masika ziliulaza ukuta wake wa nyuma. Baba, ambaye hupakua mizigo bandarini, akasema hatutatia viraka tena. Tutajenga mpya, vyumba sita, na juu tuezeke madebe.

Uani palikuwa na miti miwili, mdimu pembeni na mkungu mkubwa katikati. Chini ya mkungu ndipo mama alipokaa kila asubuhi na chuma chake cha vitumbua, na wanawake wa sokoni walimfuata pale pale kununua. Kivuli kile ndicho kilichokuwa duka lake.

Nyumba ya zamani ilipokwisha kubomolewa, fundi akaja na kamba na vigingi. Kwake yeye nyumba ni ya namna moja: ukumbi katikati kutoka barazani mpaka uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Akaivuta kamba ya ukumbi, ikaenda ikaugonga mkungu.

"Huu unalala leo," akasema.

"Mimi nitapikia wapi?" mama akauliza.

"Utajengewa jiko," baba akamjibu.

"Jiko la madebe? Mume wangu, unataka viive vitumbua au niive mimi?"

Fundi akacheka. "Mama, mti huu ukibaki, kungu zake zitadondokea madebe usiku kucha. Mpangaji wako atadhani anapigwa mawe na majini."

Baba hakucheka. Alitaka vyumba vyake sita, viwili avipangishe. Akamwambia fundi shoka lipo kwa jirani, akaliazime.

Mimi mbele ya wageni ulimi hunikauka. Lakini fundi alipokwenda kuazima shoka, niliishika kamba yake. Nikang'oa vigingi vya nyuma nikavirudisha mbele, ukumbi ukaishia kabla ya mti, vyumba viwili kila upande. Kisha nikavuka uani, nikapima vyumba viwili vingine mwisho wa ua, milango ikiutazama mkungu, mbali na matawi, madebe yasidondokewe. Bafu nikaliweka karibu na mdimu, maji ya kuogea yaunyweshe. Kamba iliyobaki nikaizungusha kwenye shina isilegee.

Fundi akarudi na shoka begani. "Binti anafunga mbuzi?" akauliza. Alipoziona kamba vizuri akashika kiuno. "Ala! Nyumba imekatwa mkia hii. Watu watauliza iliumwa na nani."

Baba akahesabu. "Vyumba sita vipo," akasema. "Lakini mtaa mzima wamejenga vyumba vyao pamoja, chini ya paa moja. Sisi tunatengana na vyumba vyetu kwa faida gani, mwanangu?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Likatoka neno moja tu.

"Stara, baba."

Kila mtu wa mtaa wetu angelielewa. Ukumbi ukinyooka mpaka uani, aliyekaa barazani humwona mke wa mwenye nyumba akifua na kupika. Pazia huwekwa, lakini upepo wa pwani haubishi hodi.

Baba akaenda pale baraza itakapokuwa, akakaa juu ya jiwe. Akamwambia mama akakae penye chuma chake, nyuma ya mkungu.

"Unaniona?" mama akapaza sauti.

"Naona mti."

"Na kanga yangu nyekundu?"

"Nakwambia naona mti, mke wangu!"

"Basi shoka la watu lirudi kwao."

Baba akaguna, akamtazama fundi. Fundi akaliegemeza shoka kwenye mdimu, akaanza kukaza kamba zangu. "Nimejenga nyumba nyingi," akasema, "sijajenga yenye pazia la mti. Lakini jamani, msiseme niliipanga mimi."

Sasa tunakaa humo. Majani ya mkungu nayafagia mimi, na ni mengi kweli. Wanawake wa sokoni huingia kwa mlango wa uani, hukaa kivulini wakizungumza mpaka vitumbua viishe, na barazani hakuna anayewaona. Juzi nilikuwa nafagia, nikasikia sauti ya fundi kule mbele, ana mteja. "Tazama ukumbi huu," alikuwa akisema, "huu mti niliuacha kwa makusudi. Nyumba hii niliipanga mwenyewe."

Sikutoka kumbishia. Nilifagia tu nikicheka.

Wewe unayesoma, kama kiwanja chako kina mti na fundi amekwisha kuutolea macho, niandikie kabla hajaazima shoka. Niambie mti umesimama wapi na mlango wako unatazama wapi. Nami nitakujibu, hata kama ni polepole.