Rashasha Iliyomuua Kaka Enoch

Kaka yangu Enoch Tranter alipiga rashasha kule Ufaransa wakati wote wa Vita Kuu, na Mungu akamrudisha bila mkwaruzo. Akaja kufia hapa Birmingham, wakati wa amani, kwenye kiwanda cha bunduki.

Mwaka 1935 kiwanda kililetewa rashasha za Kimarekani za kufungwa kwenye mabawa ya ndege mpya za kivita. Enoch alikuwa miongoni mwa waliozijaribu. Walikuwa wakipiga kwenye ukuta wa mchanga, kisha mmoja wao anakwenda kubadilisha karatasi ya shabaha. Siku aliyokufa, zamu ilikuwa ya Enoch.

"Tembea basi, babu! Tukuletee mkongojo?" alimtania Silas Hadley, msimamizi wake.

"Mpelekee mama mkwe wako."

Rashasha ilikuwa imenyamaza. Kwa askari wa zamani kama Enoch, ikinyamaza imelala. Lakini hii ilibakiza risasi ndani ya mtutu uliochemka, na baruti yetu ya Kiingereza haivumilii joto lile. Risasi ikalipuka yenyewe, kidole cha mtu hakijagusa kitu. Ikampata mgongoni.

Kwenye uchunguzi wa kifo, mkubwa wa kiwanda alisema marehemu alipita mbele ya bunduki kwa uzembe. Silas akaapa kwa Biblia, akasema, "Ndivyo, bwana." Likaandikwa hivyo: uzembe.

"Wifi, fidia yao sitaki," mjane wake, Lavinia, aliniambia. "Walifute tu lile neno, wanangu wasilikute."

Miezi ikapita. Jumapili moja Silas alinisimamisha mlangoni mwa kanisa.

"Dada Keziah, ile rashasha wameirekebisha. Sasa ukiachia kifyatulio, inabaki wazi, risasi haiingii mtutuni. Haitaua mtu wetu tena."

"Kwa hiyo wanajua haukuwa uzembe."

"Wanajua."

"Basi twende ukaseme."

"Nifungwe? Ni siri ya serikali, dada. Hata wewe sijakwambia."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Nilimwambia Lavinia. Alikuwa anakata mkate, wala hakuacha kukata. "Bunduki wameweza kuitengeneza," alisema. "Jina la mume wangu limewashinda."

Neno liko palepale. Silas bado anakaa benchi la mbele yangu, anaimba kwa sauti nzito, nzuri. Tukifika kwenye Sala ya Bwana, pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi hufunga mdomo mpaka wenzangu wapite. Mungu ananiona. Anamwona na yeye.