Rudi ya Kumi na Moja

Nilipopanga chumba cha uani kwa wiki sita, mwenye nyumba alikuwa amestaafu usahihishaji, lakini usahihishaji ulikuwa haujamstaafu yeye. Alisahihisha risiti ya umeme, maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni, hata barua yangu ya kuomba chumba. Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi miaka thelathini na moja walimwita Nukta. Dada yake mdogo, aliyeishi naye tangu wote wawili wafiwe na wenzi wao, alimwita hivyo alipotaka kumchokoza, yaani kila siku.

Binti wa pekee wa Nukta alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa figo katika nchi ya mbali, mwaka wa saba sasa. Siku alipoondoka, Nukta alimwahidi jambo moja tu: hatamsumbua kwa kumuuliza atarudi lini. Ahadi hiyo aliishika kwa meno. Kwenye simu aliuliza habari za baridi, za viatu, za mkuu wa wodi, kila kitu isipokuwa hicho. Mwezi ule binti akaletewa mkataba mpya wa miaka mitano, wa kusaini Jumatatu. Alimpa baba habari kama anayeeleza hali ya hewa. Baba akasema, "Vizuri, mama," akaenda kumwagilia maua ambayo asubuhi yalishamwagiliwa.

Binti huyo alikuwa ameandika kijitabu cha Kiswahili kwa wagonjwa wake wasiojua lugha ya huko. Alimpa msafiri mmoja kishikwambi na kalamu yake amletee baba, ili asahihishe juu ya kioo kama alivyozoea kwenye karatasi.

Siku ya kwanza ilikuwa vita. Nukta alipitisha mstari juu ya neno, neno likatoweka.

"Limekwenda wapi? Mimi nimelikata, sijaliua!"

"Ulitaka likuage kwanza?" dada yake alijibu kutoka jikoni.

Siku ya tatu mkono ukatulia. Alizungushia maneno duara, akasogeza koma. Penye jambo la kueleza aligusa pembeni, kikafunguka kisanduku cha maoni, naye akaandika humo kwa mwandiko wake wa kulala kulia. Kisanduku kilibaki wazi mpaka mwandishi mwenyewe akifunge, na kila kilichoandikwa binti alikiona hukohuko aliko.

Sasa, kiwandani kwao, neno la mwisho la aya likiangukia peke yake juu ya ukurasa mpya, msahihishaji aliandika pembeni: "rudi". Hakuandika "lirudishwe" wala "rudisha neno hili". Aliandika "rudi" tu, kana kwamba neno lina masikio. Nimeishi katika lugha ambazo huwezi kumwita mtu bila kwanza kupima heshima yake. Hapa silabi mbili zilitosha.

Jumamosi alasiri simu ililia. Nukta akaiweka mezani, sauti ikasikika kwa wote.

"Shikamoo, Baba. Tuliahidiana nini?"

"Marahaba, mama. Kuna nini tena?"

"Ukurasa wa nne, rudi. Wa tisa, rudi. Wa kumi na mbili, rudi, na umepigia mstari! Nimesoma kwenye basi, nikalia mbele za watu."

Dada mtu alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, hiyo lugha ya kiwandani! Anayaita maneno, hakuiti wewe."

Nukta akaeleza haraka haraka, kama mtu aliyekamatwa kwa kosa la jirani. Kule upande wa pili binti alipitia kurasa upya. Kisha naye akacheka.

"Kumbe! Lakini Baba, mistari itajipanga yenyewe. Hizi hazina kazi."

"Mazoea, mama."

"Ngoja. Maneno yaliyobaki peke yake ni kumi. Rudi ziko kumi na moja."

Shangazi mtu aliacha kucheka.

"Ukurasa wa mwisho," binti aliendelea, taratibu. "Hauna aya. Una jina langu tu."

Nukta angeweza kusema mkono uliteleza; kioo kile kilikuwa kimeshamtelezesha mara nyingi. Aliichukua kalamu, akaizungusha vidoleni, akaiweka chini.

"Hiyo si ya kiwandani," alisema.

Tulisikia gari likipita mtaani kwa binti.

"Niifunge?" binti aliuliza hatimaye.

"Wewe ndiye mwandishi. Msahihishaji anapendekeza tu."

Jumatatu binti alisaini. Aliomba miaka miwili badala ya mitano, wakamkubalia, na baba akaambiwa kwa ujumbe mfupi usio na herufi kubwa wala koma. Hakuusahihisha.

Jumanne mswada ulifika tena. Visanduku kumi vya rudi vilikuwa vimefungwa. Cha kumi na moja kilikuwa wazi, kando ya jina.

"Amekisahau hicho," alisema dada yake. "Mkumbushe akifunge."

"Kiache," alisema Nukta. Akazima kioo. Kabla chai haijapoa, alikuwa amekiwasha tena.