Mahindi ya Mtaro wa Msikiti

Harufu ya maji ya sabuni yaliyochacha juani huwatia watu wengi kinyaa. Mimi hunitia njaa. Kila ninapopita nyuma ya nyumba za kupanga na kukutana na mtaro wa maji ya kuogea, kwanza mate hunijaa mdomoni, halafu hufuata hasira. Nililelewa kando ya mtaro wa namna hiyo mjini Voi, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao vuli ilinyesha siku chache ikaona imetosha. Tulipanga chumba kimoja katika ploti ya Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walihamia Voi kutoka pwani. Nyuma ya ploti palikuwa na kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe, kirefu na chembamba, msikiti ukiwa upande wa juu na barabara kuu upande wa chini. Maji ya udhu yalitoka msikitini kila wakati wa sala, yakaungana na maji yetu ya kufulia na kuogea, yakateremka polepole kuelekea barabarani yakinuka sabuni, matope ya moto na majani yaliyooza. Watu walipita hapo wameziba pua. Mama alisimama, akatazama, akaenda kuazima jembe.

Alikuwa mtu wa milimani, upande wa Wundanyi, ambako watu hulima hata miteremko inayomtisha mbuzi. Alipoolewa akateremka tambarare, alijaribu kwanza kulima karibu na Ndara, na ndovu wakamlia shamba zima kwa usiku mmoja, wakamwachia mabua yaliyokanyagwa na mavi. Ndiyo sababu aliupenda mtaro wetu. "Hapa mjini ndovu hafiki," alituambia, akicheka, huku akipiga matuta. Mimi na mdogo wangu Mghoi tulitumwa kuokota samadi kwenye njia ya mifugo, tukairudisha kichwani ikiwa bado ya uvuguvugu. Kando kando alipanda sukuma wiki na kunde, na katikati, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akapanda mahindi. Shuleni wenzangu waliniita mtoto wa mtaro. "Kwenu mahindi huoga na sabuni," walisema, na darasa zima likaangua kicheko. Jioni mama zao wale wale walikuja na karai kuomba mboga, na Mama aliwakatia bila kuuliza watoto wao walisema nini.

Msomaji ajue kwamba Mama hakulima kwa kupenda tu kijani. Baba alikuwa kibarua wa ofisi ya mji, akifyeka nyasi kwa slasha na kuzibua mitaro, kwa mshahara uliotoka unapopenda wenyewe. Dada yake, shangazi yetu wa Wundanyi, alikuwa ameolewa na karani, nyumba yao ina saruji na mabati mapya, lakini hakujaliwa mtoto. Kila aliposhuka Voi alimpakata Mghoi, aliyekuwa na miaka mitano hivi, akampima mkono kwa vidole vyake viwili na kusema kwa sauti ya huruma iliyokusudiwa kuchoma, "Huyu mtoto atawafia hapa. Nipeni mimi nimlee." Mama ndiye aliyejibu kwamba mtoto si kuku, hagawiwi. Lakini mwaka ule debe lilikuwa tupu, na Shangazi alipokuja tena walifikia makubaliano ambayo mimi niliyasikia nikiwa nimelala nyuma ya pazia: mahindi ya mtaro yakitufikisha kwenye mvua ya masika, Mghoi anabaki. Yasipotufikisha, anapanda milimani. Tangu siku ile sikuyaona mahindi kuwa chakula. Niliyaona ni mdogo wangu amesimama pale, na nilikwenda kuyatazama kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Yalistawi. Mji mzima ulikuwa umekauka, nyasi za barabarani zilivunjika ukizikanyaga, lakini kwetu mahindi yalipita kimo cha Baba, yakatoa ndevu, yakajaza magunzi. Hapo ndipo mateso yetu yalipoanza. Milimani kwa kina Mama, mahindi ya ghala hayaguswi mabichi. Huachwa yakaukie shambani, kisha hutundikwa juu ya meko, moshi uyapake na fukusi ayakimbie, na hapo ndipo mtu huhesabiwa kuwa ana chakula. "Anayekula mahindi mabichi anakula miezi yake," Mama alisema, na kwa kweli gunzi bichi humshibisha mtoto mmoja kwa jioni moja, wakati likikauka na kusagwa hulisha wengi. Tulilala na uji mwepesi, na harufu tamu ya mahindi machanga ikitupenyea dirishani. Mghoi alilia, akachapwa, akalia tena. Baba naye alimwomba Mama magunzi mawili tu ya kuchoma, akimtania kwamba ameoa askari magereza. Bi Zuhura alijaribu kwa njia ya wazee. "Mwanangu, mjini mahindi hayangojwi mpaka yaote mvi. Yavune yangali na maziwa, wana wale." Mama alimjibu kwa heshima kwamba subira huvuta heri. Nimewahi kusikia methali nyingi za uongo katika maisha yangu, lakini hiyo ndiyo ninayoichukia zaidi.

Kisha ikaja habari kwamba mgeni mkubwa angepita kwenye barabara kuu. Tuliona mawe ya kingo za barabara yakipakwa chokaa, vibanda vya wauza mitumba vikisukumwa nyuma. Jioni moja Baba alirudi, hakuvua viatu, akakaa kitako mlangoni. "Mama Wakesho," alisema, maana mimi ndimi Wakesho, kifungua mimba wao, "vuna hayo mahindi kesho. Hata kama ni mabichi, wewe vuna tu." Mama alicheka. Alikuwa amesikia maombi hayo msimu mzima. "Njaa imekushika hata umeshindwa na watoto? Yakikauka nitakuita." Baba alifungua mdomo, nikamwona amefungua mdomo, kisha akaufunga. Baadaye tulijua kwamba amri ilikuwa imetoka ya kufyeka kila mmea mrefu ulio karibu na barabara, eti unaficha wezi na kuzaa mbu, na kwamba nyapara aliwaambia vibarua kuwa atakayeitangaza habari hiyo mtaani atafute kazi kwingine. Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni aibu. Asingeweza kumwambia mkewe kuna amri bila kumwambia ni nani atakayeshika slasha.

Walikuja Jumamosi, tukiwa nyumbani. Lori lilisimama chini, vibarua wakapanda na mtaro, na Baba yumo katikati yao ameinamisha kichwa. Mghoi alidhani amerudi mapema kula, akamkimbilia akimwita. Baba, ambaye hakuwahi kutupandishia sauti, alimfokea, "Ondoka hapa!" kama anavyofukuzwa mbwa. Nyapara alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya jua, na alifurahia kazi yake. "Mwadime," akamwambia Baba, "anza wewe. Hapa si kwako? Unapajua vizuri." Wenzake walicheka, wengine kwa woga, wengine kwa utamu. Mama alitoka na mikono yenye povu la nguo. Aliomba aachwe avune kwanza. Nyapara akamjibu, "Mama Wakesho, lori haliwezi kungoja ugali wako." Ndipo Mama akamgeukia mumewe, akasema naye kwa Kidawida, lugha yao ya milimani, taratibu, kama watu wawili walio peke yao, kwamba yamebakiza kidogo tu yakauke. Hakumtukana. Alikuwa bado anaomba muda. Baba hakuinua uso. Aliinua slasha. Nilisikia bua la kwanza likikatika, sauti ya maji maji, na baada ya hapo wote wakaanza. Milimani kwa kina Mama hata watu walioshtakiana miaka kumi hawafyekeani mahindi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilimchukia baba yangu papo hapo, kwa moyo wote, nikiwa na miaka tisa.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hayakuamriwa na mtu. Lori halijawashwa, majirani walikuja. Walikuja na karai zile zile za kuombea sukuma, pamoja na vikapu na watoto wao wa shule, wakaingia katika mabua yaliyolala na kuanza kupasua magunzi mbele ya macho ya Mama. Mmoja aliniambia nisogee, nimekanyaga lake. Bi Zuhura alisimama ukingoni akiwapigia kelele wamwogope Mungu, wakamwitikia "shikamoo Bibi" na kuendelea kuokota. Fadhila za punda ni mateke. Mama, mimi na Mghoi tulipambana tukapata kama karai mbili, magunzi mengi yakiwa yamekatwa katikati au kukanyagwa. Mama hakulia. Aliosha matope kwenye magunzi moja moja, maana hata hapo hakutaka tule uchafu.

Jioni aliyachemsha. Baba aliporudi alikuta sufuria imetengwa mbele ya nafasi yake, na sisi tumeamriwa kukaa ukutani. "Kula," Mama akamwambia. "Si uliyataka mabichi?" Baba alisema watoto wale kwanza. "Kula," Mama akarudia, na kulikuwa na kitu katika sauti yake ambacho mtu mzima hakibishii. Akala. Tulimtazama akila gunzi baada ya gunzi, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, na Mama akimwongezea kila alipotaka kuacha. Mimi nilikuwa na njaa mpaka tumbo linauma, na bado nilitamani asiachishwe. Mwishowe Mghoi alimwendea, akamwomba kidogo. Baba akainua gunzi lililobaki akampa, na Mama akageuka ukutani.

Shangazi alishuka kabla mwezi haujaisha. Hakusimanga, ila alikuja na gauni jipya alilolishona kwa kipimo, maana yake alishakuwa na uhakika. Mghoi alifurahia gauni. Alituaga akiruka ruka, akiuliza kama milimani kuna mahindi, na Shangazi akamwambia yapo, tena mengi. Mama alimpandisha garini, akarudi, akachukua jembe akang'oa visiki vya mabua vyote mpaka mtaro ukabaki udongo mtupu. Masika ilipokuja alikwenda kumchukua, akaambiwa mtoto ameanza shule, asimvurugie masomo. Mwaka uliofuata sababu ilikuwa nyingine. Kisha hazikuhitajika sababu.

Siku hizi mji huo huo unahubiri kilimo. Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano ambapo kijana mmoja wa kilimo, mwenye maneno matamu, alitueleza kwamba mji unaweza kujilisha wenyewe, kwamba kila ardhi iliyolala ni chakula, na kwamba maji tunayoyamwaga yanaweza kuotesha mboga. Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi, kwa kuwa alisema kweli. Mama aligawiwa magunia na miche, na sukuma yake ya mlangoni imepigwa picha na wageni. Hakuna aliyemwomba radhi, na sidhani kuna anayekumbuka. Baba alistaafu akisifiwa kwa utiifu, akafariki, Mama akamlilia ipasavyo. Chakula kipo. Mghoi naye yupo, ni mwalimu huko Wundanyi, ana adabu kupita sisi wote. Mwezi wa Disemba alitutembelea. Alipiga hodi, akangoja nje mpaka akakaribishwa, akakaa kiti cha wageni na mkoba wake magotini. Shangazi alipompigia simu, Mghoi alimwita "Mama" mbele yetu, bila kujishtukia. Alipomaliza chai alisimama, akashika kikombe kwa mikono miwili, akamrudishia yule aliyemzaa. "Asante kwa chai, Mama Wakesho," akasema.