Bi Tulia Achagua Stendi

Kitu cha kwanza kilichomchefua Bi Tulia mle dukani kilikuwa harufu. Plastiki mpya ilinuka kama ndoo iliyosahauliwa juani, na muuzaji, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, alikuwa akitoa stendi za kamera kwenye maboksi kwa fahari kana kwamba amezizaa mwenyewe.

Bi Tulia alikuwa mpiga picha kwa miaka thelathini na moja. Jina hilo alibandikwa na watoto wa shule, maana hakuna aliyewahi kuketi mbele ya kamera yake bila kuambiwa atulie. Mwaka jana picha za shule nzima zilitoka zimetikisika, nyuso zimekuwa uji, na mwalimu mkuu akamwambia waziwazi kwamba Jumatano ijayo ndiyo nafasi yake ya mwisho. Zikiharibika tena, kazi anapewa mwingine, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini. Lawama zote alizitupia stendi yake ya chuma, nzito kama kitanda, iliyomuua bega. Mwezi uliopita aliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akaitukana mpaka inapakiwa.

Alikuja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyehitaji pa kusimamisha simu ili ajirekodi akionyesha nguo anazoshona. Walikubaliana wachange, wapate stendi moja nyepesi ya bei nafuu itakayoshika simu ya mmoja na kamera ya mwingine. Wifi alikuwa na sharti moja tu, isimchoshe kuibeba. Bi Tulia alikuwa na masharti kumi na mawili, na alikuwa ameanza kuyasoma tangu barabarani.

Stendi ya kwanza aliifungua miguu akaitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Viungo vilicheza, vibano vilikuwa laini kama vifuniko vya soda. Akaikandamiza kwa kiganja, ikapiga magoti. Ya pili ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na juu yake taa ya duara. Hiyo hakuigusa kabisa. Alisema macho anayo, hahitaji kumulikiwa takataka. Muuzaji akaanza kumvika kilemba cha ukoka, kwamba mteja mjuzi kama yeye hapatikani kila siku, naye akamkata.

"Baba, nisifie nikishanunua. Leta kinachosimama."

Akaletewa ya tatu, ya aluminiamu, nyeusi, isiyo na mbwembwe. Kishikio cha simu kilichomoka, chini yake kulikuwa na skrubu ya kamera, na nguzo ya kati ilikuwa na ndoano ya kutundikia mfuko ili isiyumbe. Bi Tulia aliizunguka mara mbili bila kuitukana, jambo lililomshtua wifi. Akatundika mkoba wake kwenye ndoano, akafunga kamera, akafanya jaribio lake la siku zote: alibandika ukurasa wa gazeti ukutani, akarudi hatua sita, akabana pumzi, akabonyeza. Kisha akaikuza picha ili asome maandishi madogo.

Hayakusomeka. Akarudia, hayakusomeka. Mara ya tatu akasonya msonyo mrefu uliowageuza wateja wawili mlangoni. Alisema kinyaa kimemfika kooni. Viwanda vimejaa wezi, wauzaji wamejaa ndimi, na mtu mwenye kazi yake ya heshima analazimishwa kuiegemeza kwenye vijiti vya kuchokolea meno.

Wifi hakuwa mjuzi wa kamera. Alipachika simu yake, akaielekeza kwenye gazeti lilelile, na kwa kuwa alizoea kujipiga picha peke yake, aliiwekea isubiri sekunde tatu, akabonyeza, akasogea kando. Picha ilipotoka aliisoma kwa sauti mpaka tangazo la mwisho pembeni, la mtu anayeuza friji kuukuu. Bi Tulia akasema simu ni waongo, hujirekebisha zenyewe. Basi muuzaji akairudisha kamera juu ya stendi, akatafuta mpangilio wa kusubiri, akabonyeza na kuondoa mkono. Friji ikasomeka.

Bi Tulia aliitazama picha hiyo. Halafu akautazama mkono wake wa kulia juu ya kaunta, kidole cha kubonyezea kikitetemeka taratibu, bila kuombwa. Kinyaa chote alichokuwa nacho kwa plastiki, kwa muuzaji na kwa dunia nzima kilimgeukia yeye mwenyewe. Alijichukia. Kidole hicho alikuwa akikijua tangu mwaka juzi, chai ilipoanza kumwagikia sahani, na alijitia hamnazo.

"Tangu lini, wifi?" fundi cherehani akamuuliza.

"Siku nyingi."

Muuzaji alijishughulisha na maboksi. Alisema kwa upole kwamba stendi ile inakuja na rimoti, ila inaelewana na simu tu, si na kamera ya umri ule. Wifi akasema si neno, atumie hiyo ya sekunde tatu.

"Mtoto hasubiri sekunde tatu," Bi Tulia akasema. "Ya kwanza anacheka, ya pili anajikuna, ya tatu anamwangalia mwenzake. Picha ni ile moja, lazima uikamate."

Wifi akaisogelea kamera. "Basi Jumatano sishoni. Nitabonyeza mimi, wewe uniambie lini."

Bi Tulia alitaka kukataa. Lilimchefua wazo la kusimama kando ya kamera yake kama mgeni. Kwa miaka yote hiyo, hadi muuzaji huyu leo, hakuna aliyekigusa kitufe kile, hata marehemu. Lakini akamwagiza muuzaji avue miwani na kuketi kwenye kigoda. Yeye akaipeleka mikono nyuma ya mgongo, mmoja ukaushika mwingine kwa nguvu.

Akamsubiri muuzaji. Uso wake ulipolegea, akasema, "Sasa."

Wifi akabonyeza. Picha ilitoka safi, kope zingeweza kuhesabiwa moja moja, ila macho yalikuwa yamefumba.

"Umechelewa," Bi Tulia akasema. "Rudia."