Rubisi ya Mwenye Nyumba

Ephrasia hana sauti ya kuendesha baa. Anaongea taratibu kama anayembembeleza mtoto, na mlevi akileta fujo humwita kwa jina la ukoo mpaka jamaa aone haya, akakae. Kwa sauti hiyo ameiendesha baa yake hapa Muleba, kando ya barabara ya Biharamulo, na sisi wateja tumenogewa.

Tatizo lilikuwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Chumba cha baa ni cha Mzee Kagaruki wa Kimwani, na walipopatana alimpa sharti moja: rubisi yote itoke kwake. Zamani sharti hilo halikumuumiza mtu. Mzee alikanyaga ndizi mwenyewe, na watu walitoka Bukoba mjini kuifuata pombe yake. Kisha sukari ikampata, daktari akamkataza pombe, kazi akawaachia vibarua. Rubisi ikawa maji machachu. Nani wa kumwambia? Kila aliyekutana naye barabarani alimsifu. Wanafiki wakubwa sisi!

Ephrasia naye alinyamaza, akaanza kununua kimyakimya kwa Buberwa, mpika pombe mwingine. Mzee alipogundua, alipachika kufuli mlangoni, akamwambia mwezi ukiisha aje kuhamisha vitu vyake. Mama wa watu alilia. Baa ile ndiyo iliyomlisha tangu afiwe na mumewe, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Nilimsukuma aende ofisi ya biashara ya wilaya, wanakotoa leseni za vileo. Nilidhani atapigwa danadana, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Nilikosea. Afisa, Bi Kokushubila, alisema ugomvi wa nyumba una baraza lake, lakini kumlazimisha mwenye leseni anunue pombe kwa mtu mmoja tu, hilo linamhusu yeye. Akawaita wote wawili, nami nikajitolea kuwa shahidi.

Mzee alikuja na dumu la rubisi, kifua mbele. Akamimina kwenye kibuyu, akamsogezea afisa kwa adabu ya Kihaya.

"Onja, waitu, uone kama kuna mwenye akili anayeikimbia hii."

Bi Kokushubila alimrudishia kibuyu, akimwita baba kwa Kihaya. "Tata, tangu lini Mhaya akampa mgeni pombe kabla hajaionja mwenyewe?"

Hapo alibanwa. Kwetu, mwenye pombe asipotangulia kuonja ni kama ametia sumu. Akajitetea kuwa daktari amemkataza. Akaambiwa tone la ulimini linatosha. Akaonja. Aliizungusha mdomoni, akainuka na kuitema nje dirishani.

"Hii si yangu," alisema.

"Ndiyo yako, tata," Ephrasia alisema kwa sauti yake ile ile. "Ndiyo unayoniletea."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na wewe ndiye mwenye nyumba?"

Mzee aliinamisha kichwa. Nilimhurumia kweli. Bi Kokushubila hakuongeza maneno mengi: sharti limekwisha, Ephrasia anunue anakotaka. Kufuli mzee alilitoa kwa mkono wake jioni ile, wala habari ya kuhama hakuigusa tena.

Siku hizi kila Jumamosi anakuja kuonja rubisi ya Buberwa kabla haijauzwa. Anaonja, anatema, anatoa uamuzi. Juzi alionja mara mbili, kibuyu mkononi.

"Nzuri," alisema mwishowe. "Lakini yangu ilikuwa nzuri zaidi."

Sote tukafungua midomo kumsifu, kama kawaida yetu. Ephrasia akatuwahi.

"Ilikuwa, tata," alisema, akamvutia kiti.